Kabla ya Kuandika Jina la Shujaa Mlangoni

Wasomaji wetu walioko Marekani wanauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Kijana wa jamii yao alifia vitani, au mazoezini, akiwa amevaa magwanda ya jeshi la Marekani. Wenzake waliotumikia jeshi hilo, wakiwamo Wakenya, Wakongo, Watanzania na Warundi, wanataka kuanzisha tawi la maveterani litakaloitwa kwa jina lake. Waanzie wapi? Swali hilo lina chanzo chake. Kuanzia 2009 hadi 2016 jeshi la Marekani liliendesha mpango wa kuandikisha wahamiaji wenye lugha zilizohitajika hata kama hawakuwa na kadi ya ukaazi wa kudumu, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha ya lugha hizo. Wengine waliingia kwa kadi zao za ukaazi, wengine wakiwa raia tayari. Wengi wao wamekwisha kumaliza muda wao jeshini. Wana watoto shuleni, wana maumivu ya mgongo, wana usiku wasioupatia usingizi, na wana wenzao ambao hawakurudi.

Kwa kawaida wanaotaka tawi huanza na jina. Huchapisha fulana, hufungua kundi la WhatsApp lenye picha ya marehemu, huchangisha fedha za bango, na baadaye ndipo wanapouliza taratibu zinasemaje. Ushauri wangu ni kuugeuza mpangilio huo. Anzeni na mahitaji ya walio hai, jengeni tawi linaloweza kusimama kwa miguu yake, halafu likabidhini jina. Najua ushauri huu unaweza kusikika kama ukosefu wa heshima kwa marehemu, na nitaeleza kwa nini naamini ndiyo njia ya kumheshimu.

Kwanza, chama gani?

Vyama vinavyoulizwa zaidi ni viwili. American Legion ilianza Paris mwezi Machi 1919, wanajeshi wa Marekani walipokuwa wakisubiri kurudishwa nyumbani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Septemba mwaka huohuo ikapata hati ya Bunge la nchi hiyo. Tangu sheria iliyopitishwa Julai 2019, anayestahili kujiunga ni mtu aliyetumikia kwa heshima walau siku moja ya utumishi kamili wa kijeshi wa shirikisho tangu Desemba 7, 1941, awe alipelekwa vitani au hakupelekwa. Walio bado jeshini pia wanaweza kujiunga. Veterans of Foreign Wars, ambayo mizizi yake ni ya 1899, inataka zaidi: mwanachama awe alitumikia katika vita au operesheni inayotambuliwa nje ya nchi, na awe raia.

Kwa jamii zetu tofauti hiyo ni kubwa. Katika kundi la maveterani 20 wanaozungumza Kiswahili, huenda wapo mpishi aliyekaa Texas miaka yote minne, muuguzi wa kijeshi aliyekuwa Ujerumani, na mtu ambaye faili lake la uraia lilikwama. Wote wanaweza kukaa meza moja ndani ya American Legion. Ndiyo maana makala haya yanafuata njia hiyo. Waliotumikia National Guard au jeshi la akiba bila kuitwa katika utumishi kamili waulize mapema kama siku zao zinahesabika, kuliko kuambiwa hapana baada ya majina kukusanywa.

Kwa nini jina lisitangulie

Tuchukue mfano wa Texas. Machi 1948, Dkt. Hector P. Garcia wa Corpus Christi aliwakusanya maveterani wenye asili ya Meksiko waliokuwa wakisumbuliwa kuhusu matibabu na mafao yao, wakaunda American GI Forum. Hawakuwa na jina la marehemu mlangoni. Walikuwa na wagonjwa waliohitaji kitanda cha hospitali. Januari 1949 mjane wa askari Felix Longoria, aliyeuawa katika kisiwa cha Luzon, Ufilipino, mwaka 1945, alinyimwa ukumbi wa nyumba ya mazishi katika mji wa Three Rivers kwa sababu ya asili ya mumewe. Alipotafuta msaada, chama kilikuwapo. Kilikuwa na wanachama walioandikwa, kiongozi aliyejua kuwaandikia wakubwa telegramu, na miezi kadhaa ya uzoefu wa kubishana na ofisi za serikali. Seneta Lyndon Johnson alijibu, na Februari 16, 1949 Longoria alizikwa Arlington kwa heshima za kijeshi. Jina la Longoria lilijulikana Marekani nzima, na lililoliinua lilikuwa chama kilichoundwa kabla ya msiba huo kufika mezani pake.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na mnachotaka kufanya. Katika mtaa wa Wachina jijini New York kuna tawi namba 1291 la American Legion, lililoanzishwa 1945 na maveterani wenye asili ya China. Linaitwa kwa jina la Luteni Benjamin Ralph Kimlau, rubani wa ndege za mabomu aliyeuawa Machi 1944 katika shambulio dhidi ya Wajapani kwenye kisiwa cha Los Negros, kaskazini mwa New Guinea. Kumbukeni mazingira yenyewe: sheria iliyowafungia Wachina milango ya uhamiaji na uraia ilikuwa imefutwa 1943 tu. Wahamiaji waliotiliwa shaka walikuwa wakisema, kwa jina la kijana wao, kwamba na wao wamelipa deni la damu.

Hapo mtaniambia: hao walianza na jina, na tawi lao lipo hadi leo. Ni kweli. Lakini angalieni walichokuwa nacho siku hiyo. Walikuwa maveterani wengi wa mtaa mmoja, wametoka vita moja, wanaweza kutembea kwa miguu hadi kikaoni. Watu walikuwapo kabla ya jina. Na lango la ukumbusho la mawe, ambalo leo wapita njia wanaliona Chatham Square, halikujengwa 1945. Tawi lililisimamisha 1962, baada ya miaka 17 ya kazi. Sisi hali yetu ni nyingine: tumetawanyika kati ya Minneapolis, Dallas, Columbus na Seattle, tumetumikia miaka tofauti, na wengi tuna kazi mbili. Tukianza na bango, huenda bango likabaki peke yake.

Na hapa ndipo heshima ya marehemu inapohusika. Tawi likikosa wanachama, likiacha kuwasilisha taarifa na ada, hati yake hufutwa au lenyewe huunganishwa na tawi jingine. Kwa mama aliyekaa mstari wa mbele siku ya uzinduzi, kusikia kwamba tawi la mwanawe limefutwa kwa sababu hakuna aliyejaza fomu ni msiba wa pili. Anayeliweka jina hilo juu ya kundi la watu sita wasiokuwa na katibu anamkopesha mama huyo furaha ambayo hana hakika ya kuilipa.

Je, mnahitaji tawi jipya kweli?

Jiulizeni haya kabla ya kupiga simu yoyote, na mjibu kwa ukweli:

- Tawi lililo karibu nanyi mmelitembelea? Mengi yana wazee wanaotafuta kwa hamu watu wa kuwaachia kazi. Yanaweza kuwapa jengo, uzoefu na hati iliyokwisha tolewa.
- Kuna hitaji gani ambalo tawi hilo haliwezi kulitimiza? Jibu zuri ni kama hili: tuna wajane na wazazi wasiosoma barua za Idara ya Maveterani kwa Kiingereza, na hakuna anayewaeleza.
- Nani atakayekuwa katibu mwaka wa tatu, shauku ikiwa imepoa?

Kama swali la pili halina jibu, jiungeni na tawi lililopo na mliombe liweke kumbukumbu ya marehemu: ufadhili wa kijana kwenda Boys State, mpango wa American Legion wa kuwafunza vijana uraia, au kikombe cha mashindano ya hotuba ya wanafunzi. Hilo si kushindwa. Kuna askari wanaokumbukwa vizuri zaidi kwa ufadhili mdogo unaotolewa kila mwaka kuliko wengine kwa jengo lililofungwa kufuli.

"Hili si tawi la kikabila?"

Pingamizi hili mtalisikia kutoka kwa maveterani wa Kimarekani, na pia kutoka kwa Waswahili wenzenu, nalo ni la haki. American Legion ina historia yake chungu: katika miaka ya mwanzo suala la kuwapokea maveterani Weusi liliachwa mikononi mwa majimbo, na kwa sababu hiyo katika majimbo mengi ya kusini walikataliwa au kutengwa katika matawi yao. Msirudie kosa hilo kwa lugha nyingine. Andikeni katika kanuni zenu kwamba mlango uko wazi kwa kila anayestahili. Zungumzeni Kiswahili katika kazi za kusaidia familia, lakini muhtasari wa vikao na taarifa za fedha viwe kwa Kiingereza, ili jirani Mmarekani aliyejiunga asijikute mgeni katika tawi lake, na makao ya jimbo yaweze kukagua bila mkalimani.

Kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi na sisi. Marehemu alikuwa na kabila, na mahali alikozaliwa, na pengine upande katika mgogoro wa nyumbani. Kwa watu wa Kongo, Rwanda na Burundi hasa, jina moja linaweza kuwafurahisha nusu ya waliomo chumbani na kuwanyamazisha nusu nyingine. Ulizeni pembeni, mtu mmoja mmoja, kabla jina halijasemwa kikaoni. Kikaoni watu watapiga makofi hata kama moyoni wamekwisha kuondoka.

Hatua zenyewe

Taratibu ndogondogo hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo makao ya American Legion ya jimbo lenu ndiyo yenye neno la mwisho. Mkondo wa kazi ni huu:

1. Wasilianeni na makao ya jimbo na muombe waraka wa kuanzisha tawi. Ombeni pia msaada wa kuwafikia wanachama wa eneo lenu walioandikwa kwenye tawi la makao makuu, yaani watu wanaolipa ada bila kuwa na tawi la karibu. Wengi hawajui kwamba watu hao wapo, na huenda ndio watakaokamilisha idadi.

2. Kusanyeni watu wanaostahili. Idadi inayotajwa kwa kawaida ni 15, lakini jimbo linaweza kuweka yake. Lengeni 25. Katika kila kundi wapo wanaohama mji, wanaorudi nyumbani Afrika, na wanaokubali kwa adabu tu bila nia. Kila mmoja alete nakala ya DD 214, cheti cha kuachishwa jeshi, na muifunike namba ya hifadhi ya jamii kabla nakala haijapita mikononi mwa watu.

3. Fanyeni kikao cha kuanzisha, chenye muhtasari ulioandikwa, ambamo wanachama wanapiga kura kuomba hati na kuchagua viongozi wa muda.

4. Pelekeni ombi la hati ya muda pamoja na ada. Katika ombi hilo tumieni jina la mji au mtaa wenu. Jina la marehemu lisubiri.

5. Hati ya muda ikitoka, tawi hufanya kazi kwa walau siku 90 kabla ya kuomba hati ya kudumu. Itumieni miezi hiyo kama mtihani: vikao vitatu vyenye watu wa kutosha, familia kadhaa zilizosaidiwa, taarifa ya fedha iliyosomwa mbele ya wote. Mkifaulu, pigeni kura ya jina na muombe hati ya kudumu mkiwa na jina hilo.

6. Sambamba na hayo andikeni katiba na kanuni, sajilini tawi kama shirika lisilo la faida katika jimbo, na muombe namba ya utambulisho ya mwajiri kutoka mamlaka ya kodi. Bila namba hiyo benki haitawafungulia akaunti.

Wengine watauliza kama kubadili jina baadaye si usumbufu. Ni karatasi chache na ada kidogo. Tawi la kwanza kabisa la American Legion, lililoundwa Washington mwaka 1919, lilianza kwa jina la Jenerali John Pershing, kamanda wa majeshi ya Marekani huko Ulaya. Mkutano wa St. Louis mwezi Mei mwaka huo uliamua kwamba matawi yasiitwe kwa majina ya watu walio hai, na Pershing alikuwa hai. Tawi hilo likawa George Washington Post 1, nalo lingalipo. Kama tawi namba moja liliweza kubadili jina la mtu mkubwa kiasi hicho bila kuvunjika, na lenu litaweza kuongeza jina la kijana wenu.

Kuhusu viongozi, neno moja. Kamanda mwenye sauti hupatikana siku ileile. Mnachopaswa kutafuta kwa taa ni katibu na mweka hazina, na baada yao ofisa wa huduma, yule anayewapokea wenye shida za mafao. Ofisa wa huduma wa tawi si lazima awe mtaalamu. Kazi yake ni kumfikisha mtu kwa mwakilishi aliyeidhinishwa na Idara ya Maveterani, ambaye American Legion humtoa bila malipo. Mtu yeyote anayewadai maveterani wenu fedha ili kuwajazia dai la kwanza la mafao, mkimbieni.

Idhini ya familia

Hapa ndipo panapohitaji muda kuliko mahali pengine pote. Jeshi hutambua ndugu wa karibu waliotajwa kwenye fomu: mara nyingi mke au mume, ama wazazi. Jamii zetu hutambua zaidi ya hapo. Mjane anaweza kuwa Ohio, mama Kisumu au Bukavu, na baba mkubwa ndiye mwenye kauli katika ukoo. Mkipata saini ya mjane pekee mtakuwa sahihi kwa karatasi na mtakuwa mmewatukana wazazi. Mkipata baraka ya wazazi pekee, mjane na watoto wake watalisikia jina la baba yao likitangazwa redioni bila wao kuulizwa. Tafuteni pande zote mbili, na kama hazielewani, msimamishe jambo hadi zielewane. Tawi lisigeuzwe kuwa silaha katika ugomvi wa mirathi.

Msipeleke ombi msibani. Katika matanga watu hukubali kila kitu, na baadaye hawakumbuki walichokubali. Baada ya arobaini bado ni mapema. Mwaka mmoja ni muda wa heshima. Mtumeni mtu mzima anayejua kuzungumza na wakwe na wazee, si kijana mwenye simu ya kurekodi video. Kisha yaandikeni makubaliano kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, yakieleza:

- jina kamili litaandikwaje, kwa mpangilio upi na tahajia ipi;
- picha gani itatumika, na nani mwenye picha hiyo;
- kama jina litatumika katika kuchangisha fedha, na fedha hizo ni za nani;
- ibada na dua zitakuwa za dini gani, na mambo yapi familia haitaki yafanyike chini ya jina hilo;
- kwamba familia inaweza kuliondoa jina, na utaratibu wa kufanya hivyo.

Hoja ya tatu ndiyo inayovunja udugu. Wazazi walioko nyumbani wakisikia kwamba Amerika watu wanachanga dola kwa jina la mtoto wao, wataamini, na wana haki ya kuamini, kwamba sehemu ya fedha hizo ni yao. Waelezeni mapema kwamba fedha za tawi si rambirambi. Kama mnataka kuisaidia familia, fanyeni mchango wa pekee, wenye daftari la pekee, na umalizike.

Na familia ikikataa? Kubalini, shukuruni, msirudi na hoja mpya. Bakini na jina la mji. Siku ya Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, mnaweza kumkumbuka pamoja na wenzake wote.

Kumbukumbu za utumishi

Simulizi za msiba hukua. Koplo anakuwa sajenti, ajali ya gari inakuwa shambulio, nishani moja inakuwa tatu. Hakuna aliyekusudia kudanganya, lakini siku mtakapochonga maneno kwenye jiwe, veterani wa kikosi chake atakuja kuyasoma. Iombeni familia nakala ya ripoti ya kifo iliyotolewa na jeshi, na muwasaidie ndugu kuomba faili lake kutoka kituo cha taifa cha kumbukumbu za wanajeshi kilichoko St. Louis. Jina la kwenye rekodi huenda lisiwe lile la nyumbani: lilikatwa kambini, liligeuzwa mbele-nyuma uwanja wa ndege, au limebeba tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1 kama ilivyo kwa wakimbizi wengi. Mkitumia jina la nyumbani, liandikeni pamoja na lile la jeshini walau mara moja katika nyaraka zenu, ili wajukuu waweze kumtafuta.

Wanaofikiria askari wa zamani zaidi, wa Vita Kuu ya Pili au Korea, wajue kwamba moto wa Julai 1973 katika kituo hicho uliteketeza mamilioni ya mafaili, hasa ya jeshi la nchi kavu. Wajiandae kutafuta katika magazeti ya wakati huo na rekodi za makaburi.

Mambo mawili ambayo familia nyingi za wahamiaji hazielezwi. Askari aliyefariki kabla ya kupata uraia anaweza kupewa baada ya kufa kwake, kama ilivyokuwa kwa José Antonio Gutiérrez, mzaliwa wa Guatemala aliyeuawa Iraq Machi 2003, siku za kwanza za vita. Lakini ombi lina kikomo cha miaka miwili tangu kifo, kwa hiyo nendeni kwa wakili wa uhamiaji mapema. La pili, Idara ya Maveterani hutoa jiwe la kaburi bila malipo kwa veterani anayestahili hata kama kaburi lake lisilo na alama liko nje ya Marekani. Kijana aliyezikwa Machakos au Uvira anaweza kuwekewa jiwe hilo. Tawi ambalo halijapata hata jina linaweza kuifanya kazi hii kesho asubuhi, na sioni heshima iliyo kubwa kuliko hiyo.

Maswali magumu kuhusu jina

*Aliyejiua baada ya kurudi, anafaa?* Kanuni inakataza jina la aliye hai, haikatazi hili. Wapo watakaosema kwamba hakufia vitani. Nadhani wanakosea: vita humfuata mtu nyumbani, na American Legion yenyewe tangu 2022 imeifanya kazi ya kuzuia kujiua kwa maveterani kuwa kampeni yake kubwa. Familia ikiridhia, jina lake linaweza kumfanya mwingine aseme kabla hajachelewa. Lakini tawi la namna hiyo liwe na namba ya msaada ukutani, 988 kisha kubonyeza 1, na watu waliofundishwa kusikiliza. Bila hayo, msilichukue jina hilo.

*Aliyekufa kwa ugonjwa au ajali?* Kanali Charles Young, mmoja wa maofisa Weusi wa kwanza wa jeshi la Marekani, aliugua akiwa kazini Afrika Magharibi, akafariki Lagos Januari 1922. Tawi la Harlem limebeba jina lake.

*Tukisubiri, je, hatasahaulika?* Lori Piestewa, askari wa kabila la Wahopi, aliuawa karibu na Nasiriyah, Iraq, Machi 2003. Wiki chache baadaye bodi ya majina ya Arizona ilikubali kuupa mlima mmoja wa Phoenix jina lake, lakini bodi ya shirikisho ilishikilia kanuni yake ya kungoja miaka mitano tangu kifo, ikakubali 2008. Miaka hiyo mitano haikumpunguzia kitu. Mnachosubiri ninyi ni muda mfupi kuliko huo.

Fedha, na makosa yanayorudiwa

Jamii zetu zina ujuzi mkubwa wa kuchanga: simu moja, na mwili wa marehemu unasafirishwa hadi nyumbani. Ujuzi huohuo huangusha matawi, kwa sababu fedha hupita kwenye simu ya mtu mmoja mwaminifu. Uaminifu wake hautasaidia siku mamlaka ya kodi itakapouliza, wala siku atakapougua. Fedha zote ziingie akaunti ya tawi, yenye watia saini wawili wasio wa nyumba moja.

Jiangalieni pia na haya:

- Matawi ya maveterani husamehewa kodi chini ya kifungu 501(c)(19), ambacho hutaka walau asilimia 75 ya wanachama wawe wametumikia au wanatumikia jeshi. Marafiki wema wasiokuwa maveterani msiwajaze tawini. American Legion ina jumuiya za familia kwa ajili ya wake, waume na watoto.
- Msamaha si likizo ya kujaza fomu. Tawi ambalo mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka hujaza taarifa fupi ya intaneti, 990-N. Miaka mitatu mfululizo bila kuijaza, msamaha hufutika wenyewe. Nimeweka jambo hili hapa kwa sababu ndilo linaloua matawi madogo kimyakimya.
- Nembo ya American Legion inalindwa na sheria. Msiichape kwenye fulana kabla ya kupata hati na ruhusa.

Halafu kuna baa. Matawi mengi huendesha baa na bingo, na kwa mengine hayo ndiyo yanayolipia umeme. Kwenu fikirini mara mbili. Kama marehemu alikuwa Mwislamu, au mtoto wa familia ya Kipentekoste isiyogusa pombe, jina lake litasomeka juu ya taa za bia, na mama yake atatumiwa picha hiyo kabla ya saa moja kupita. Tawi halilazimiki kuwa na baa, wala kuwa na jengo. Chumba cha maktaba ya mtaa mara moja kwa mwezi kinatosha kwa miaka ya mwanzo, na gharama ikiwa ndogo hakuna atakayelazimika kuuza kitu ambacho familia ilikikataa.

Kifungu cha mwisho cha kanuni zenu

Andikeni sasa, mkiwa bado mnapendana, kitakachotokea tawi likifungwa. Mali na fedha kwa kawaida huenda makao ya jimbo, kwa hiyo hakikisheni vitu vya familia havihesabiwi humo. Picha ya marehemu, bendera iliyokunjwa, nishani na barua zake viorodheshwe kama vilivyoazimwa, kila kimoja kikiwa na jina la ndugu aliyekitoa na anwani ya kurudishiwa, na orodha hiyo itiwe saini na katibu pamoja na mwakilishi wa familia. Nakala moja ikae benki na hati ya tawi, nyingine iende kwa mjane, na ya tatu kwa wazazi.